Rangi Haijakauka

Kwanza niseme kazi yenyewe ilikuwa nini, maana mtu akisikia vigari anafikiria vile vya waya ambavyo watoto husukuma kwa kijiti. Vyetu havikuwa vya kusukumwa. Mtoto aliyegusa alipata kofi, na mama yake akija kulalamika alirudi kwake na maneno ya kumtosha. Tulikuwa watu wazima wawili, wenye wake na watoto, na tulichotengeneza ni malori ya karakana yetu ya Panda, kwenye kampuni ya shaba pale Likasi, yaleyale, kila moja kwa namba yake, kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Taa yenye upana wa sentimita ishirini ikawa na sentimita moja. Kitasa cha mlango kikawa kidogo kuliko punje ya mchele.

Mimi nilikuwa fundi wa bodi. Jumatatu hadi Jumamosi ninanyoosha mabati yaliyobonyea, na Jumapili baada ya misa ninakaa barazani kwangu nikibonyeza mabati madogo yafanane na yale niliyoyanyoosha. Mke wangu alikuwa akisema kuna wazimu wa kulipwa na wazimu wa bure, na mimi nimebahatika kupata yote mawili. Mwenzangu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, katika kambi ileile ya wafanyakazi, na kazini alikuwa mpaka rangi. Mimi nilijenga, yeye alipaka. Aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa nilimzidi miaka minne.

Bodi nilizikata kutoka makopo ya maziwa ya unga. Fremu zilitoka kwenye mbao za masanduku yaliyoleta vipuri kutoka Ulaya, mabomba ya mafuta yalikuwa nyuzi za shaba, na magurudumu niliyachonga kwenye mkanda wa mpira uliochakaa. Kioo cha mbele kilikuwa eksirei ya zamani iliyolowekwa katika maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo, mpaka mbavu za mgonjwa zikafutika. Mara moja zilibaki mbavu mbili, tukaziacha, tukasema dereva wa lori hilo alikuwa mkondefu.

Rangi ilikuwa mambo ya mwenzangu, sikuthubutu kuyaingilia. Alikuwa na brashi moja aliyoipenda kuliko mali yake yote, nyembamba, mpini wake umefungwa uzi mweusi, na ndiyo aliyoandikia namba milangoni. Mwisho kabisa alinyunyiza vumbi jekundu la barabara ya Kambove, lililochekechwa kwa kitambaa chepesi, juu ya vanishi mbichi. Baada ya hapo hakuruhusu mtu kushika. Ilikuwa lazima rangi ikauke, na njia yake ya kuipima ilikuwa moja: aligeuza lori, akabonyeza ukucha wa kidole gumba chini ya tumbo lake, mahali pasipoonekana. Siku ya tatu ukucha ulizama. Wiki ikipita uliacha mstari mweupe. Mwezi ukipita uliteleza kama juu ya kisahani cha chai, wala alama haikubaki. Alikuwa na uwezo wa kuchukua lori tulilolimaliza zamani, akaligusa, akakuambia lilipakwa lini. Tulimjaribu mara nyingi kwa ubishi na hakukosea.

Sasa, malori hayo hatukuyauza. Yalikuwa ya kuagia. Dereva wa karakana yetu akistaafu, wakubwa walimpa baiskeli au redio, na sisi mafundi tukampa lori lake. Siku hiyo alilikagua mbele ya watu wote, polepole, kwa dharau kabisa, kama askari wa mpakani. Kila pigo ambalo lori lake lilipata katika maisha yake lilipaswa kuwepo: mkwaruzo, taa iliyopasuka, mlango uliobadilishwa ukabaki na rangi tofauti. Akikuta moja halipo, lori lilirudi kwangu na kreti ya bia ilitoka mfukoni mwangu. Nilishalipa kreti mbili. Ya tatu niliapa sitalipa, na kwa sababu hiyo nikajulikana Panda nzima kuwa mtu asiyetoa kazi kabla haijakamilika. Sifa hiyo niliipenda sana. Niiweke hapa mapema, kwa kuwa ndiyo iliyokuja kunifichia aibu yangu.

Baba wa mwenzangu alikuwa dereva. Alibeba mawe ya shaba kutoka Kambove kwa miaka zaidi ya ishirini, na lori lake lilikuwa na madigadi ya kushoto iliyokunjamana kama uso wa mtoto anayelia. Asubuhi moja mama mwenye baiskeli, na mzigo wa makaa nyuma, aliteleza mbele yake. Mzee akakata usukani na kugonga kichuguu, vile vichuguu vyetu vigumu kuliko saruji. Mama akainuka na makaa yake. Mzee alitoka amevunjika mbavu, na lori likaletwa kwangu. Nilipochukua nyundo alikuja na bandeji zake akasimama kati yangu na lori.

“Hapana, fundi. Hii haupigi nyundo. Hii ni ya minye.”

“Muzee, wakubwa watasema nini?”

“Waseme. Mutu akiniuliza minye nilifanya nini mu hii kampani, nitamuonyesha hii.”

Basi ikabaki hivyo, na karakana nzima ikajua kwamba lile si bati bovu, ni medali.

Mzee alistaafu wakati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hapakuwa tena na baiskeli wala redio. Mishahara ilikuja ilipotaka, na mingine haikuja kabisa. Malori yalisimama juu ya mawe uani, leo moja halina magurudumu, kesho halina injini, na kila mtu alijua vipuri vinakwenda wapi na kila mtu alinyamaza. Lori la mzee lilikatwa vipande kabla yeye mwenyewe hajaondoka kazini. Alistaafu kwa kupewa karatasi, na karatasi yenyewe walikosea jina lake. Hakulalamika. Alipita kwangu jioni hiyo akasema neno moja tu: sasa lori lake zima liko mikononi mwangu, na yeye atangojea.

Nilianza kulijenga wiki hiyohiyo. Ile madigadi peke yake ilinila Jumapili tatu. Niliibonyeza, nikaitupa, nikaibonyeza upya, mpaka mwenzangu akasema baba yake atakufa akingojea. Tulicheka wote wawili.

Lililofuata Likasi sitalieleza kwa kirefu. Waliokuwepo wanalijua na wasiokuwepo wana wa kuwasimulia. Familia ya mzee ilitoka Kasai. Yeye aliletwa Katanga akiwa kijana kufanya kazi, lakini mwenzangu alizaliwa Likasi kama mimi, na Kasai hakuwa ameiona hata katika picha. Ghafla wakubwa wa siasa wakagundua kwamba njaa yetu imeletwa na watu hao. Wakaitwa wadudu. Watu tuliokuwa tukipiga nao foleni ya komunyo wakaitwa wadudu, na vijana wenye fimbo na filimbi wakapita nyumba kwa nyumba kambini wakiwaambia watoke. Mwenzangu alitoka Jumanne asubuhi na mkewe, watoto wake na baba yake, wakaenda stesheni kungojea treni ya Kasai, maana hapakuwa na njia nyingine. Nyumba yao ilipata watu wengine siku hiyohiyo. Hata pazia hawakubadilisha.

Nilikuwa mlangoni walipopita. Mwenzangu alinitazama, na mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Stesheni walikaa maelfu. Treni haikuja wiki ya kwanza, haikuja ya pili. Walijenga vibanda vya magunia na mashuka kando ya reli, na mvua zikaanza. Mke wangu alikwenda kila baada ya siku mbili. Aliweka bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo katika beseni, akafunika kwa kitambaa, akajitwisha kichwani, akapita katikati ya kizuizi cha vijana akiwasalimia kwa jina la mama zao. Hakuna aliyemgusa. Mimi nilibaki nyumbani, nikisema kwamba mwanamke hapati shida ila mwanamume wangempiga. Labda ilikuwa kweli. Vijana walikuwa wamesema anayelisha wadudu naye ni mdudu, na nilikuwa nimeona mtu mmoja akipigwa. Mmoja. Nilimhesabu yeye peke yake na kuwasahau wengine wote waliopita salama.

Safari yake ya pili mke wangu alirudi na kitu amekifunga katika pindo la kitenge. Ilikuwa brashi ya mwenzangu, ile yenye uzi mweusi, na chupa ndogo ya vumbi la Kambove. Katika yote aliyoweza kubeba siku ile ya filimbi, alibeba hivyo viwili. Alikuwa ametuma na maneno: mimi nipake, yeye hawezi kupaka pale mvuani, manjano niichanganye na tone la nyekundu, si zaidi, namba niiandike nikiwa nimeshika pumzi.

“Na muzee?” nikauliza.

“Muzee anakohoa. Anauliza motoka yake. Anasema hawezi kupanda treni mikono mitupu, na miaka yote ile alifanya kazi.”

Nilipaka. Hapo sina la kujilaumu, na nalisema kwa kuwa ni sehemu moja ndogo ya habari hii ambayo naweza kuisema bila kuona haya. Nilipaka siku mbili mfululizo, nikaandika namba nikiwa nimeshika pumzi, nikanyunyiza vumbi. Sijawahi kupaka vizuri vile na sikupaka tena baadaye. Madigadi ya kushoto ilikuwa kamili, mikunjo yote saba, na hata ule mpasuko mdogo juu ya taa. Lori likawa juu ya kabati, limekwisha, katika wiki ya pili ya mzee stesheni.

Mke wangu alitaka kulipeleka ndani ya beseni. Nikakataa. Nilimwambia rangi mbichi ikiguswa na mvuke wa bukari inaharibika, na hiyo ilikuwa kweli kwa siku nne tano. Nikasema pia kwamba lori la kuagia halipelekwi na mwanamke chini ya kitambaa kama samaki wa magendo. Fundi hulipeleka mwenyewe, na mzee hulikagua mbele yake. Nayo ilikuwa kweli. Sijui kama kuna mwoga duniani aliyewahi kukosa ukweli wa kujifunika nao.

“Sasa nimwambie nini?”

“Mwambie peinture haiyakauka.”

Akaenda akamwambia rangi haijakauka. Wiki iliyofuata mzee akauliza tena, na mimi nikajibu vilevile. Nikaongeza kwamba mvua zimechelewesha, kwamba kuna mahali pa kurudia. Mke wangu aliniamini. Alinijua kwa miaka yote ile kuwa mtu wa kutupa madigadi mara tatu, na sifa yangu njema ikafanya kazi kwa niaba yangu. Alirudi akasema mzee amecheka, amesema huyo fundi ni yuleyule, hataki kulipa kreti ya tatu. Nilijiambia kawia ufike. Methali hiyo nimeichukia tangu siku hizo.

Kila asubuhi nilisimama mbele ya kabati nikisema leo. Nikavaa viatu. Nikafika mpaka kona ambapo kizuizi kinaonekana, nikawaona vijana wamekaa juu ya mapipa wakila miwa, nikarudi. Nyumbani nililipangusa lori vumbi, mimi niliyelinyunyizia vumbi kwa makusudi. Na chini ya tumbo lake sikugusa kwa ukucha hata mara moja. Nilijua ningekuta nini.

Kisha malaria ikamshika mke wangu. Alilala siku sita, hawezi kusimama, na siku ya kwanza alinyoosha kidole kwenye beseni, akaniambia, “Papa, sasa ni weye. Beba na motoka ya muzee.” Nikasema ndiyo. Nilipika bukari mwenyewe. Nilipofika kwenye ile kona niligeuka na beseni langu, nikakipeleka chakula kwa jirani mwenye watoto wengi, nikarudi na beseni tupu kumwonyesha mke wangu. Nilifanya hivyo mara tatu katika siku sita. Jirani alinishukuru, na mpaka leo hajui kwa nini nilikuwa karimu vile.

Siku ya saba habari ikaenea kwamba treni imefika, mabehewa ya mizigo, na kwamba watu wanapakia. Mji mzima ulikwenda kutazama, wengine kwa huruma, wengi kwa udaku. Katika umati wa namna hiyo hata mimi nilikuwa shujaa. Nilikumbatia lori ndani ya gazeti nikapita kizuizi, na hakuna hata mtu aliyeniuliza nimebeba nini.

Nilimkuta mwenzangu kando ya behewa akifunga godoro kwa kamba. Alikuwa amekonda hata shati lilimning'inia, na kichwa alikuwa amenyoa. Nilikiona kile kichwa, na bado nikafungua gazeti na kutoa lori mbele yake kwa mikono miwili, kama tulivyokuwa tukifanya siku za kuaga.

“Muzee iko wapi?” nikauliza.

“Tulimuzika yuzi.”

Juzi. Nilisimama pale na lori mikononi. Sikusema pole. Neno hilo jepesi, ambalo mtu humwambia hata aliyejikwaa, lilinigomea. Badala yake, na hili ndilo linaloniamsha usingizini, nilisema lile nililolizoea. Nilisema, “Yaani ile peinture, na hii mvua, ilikataa kukauka.”

Mwenzangu akachukua lori. Alilitazama mbele, akalitazama ubavuni, akapitisha kidole polepole juu ya madigadi ya kushoto, mkunjo mmoja baada ya mwingine, na nikaona midomo yake inahesabu. Mikunjo yote ilikuwepo. Kisha akaligeuza. Sidhani alitaka kunipima. Mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya Jumapili zote zile barazani kwangu. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba chini ya tumbo la lori. Ukucha ukateleza. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, ukateleza tena.

“Yaya,” akasema, “hii peinture iko na mwezi muzima.”

Hakukasirika. Kama angenitukana, au angenipiga nalo usoni, ningekuwa na kitu cha kushika. Akatoa koti la baba yake kwenye mzigo, akalifunga lori ndani yake, akalipitisha mlangoni mwa behewa kwa mkewe. Akaniambia nimshukuru mama kwa chakula. Waliona kimekatika, wakajua tu kwamba anaumwa, maana yeye si mtu wa kuacha. Halafu akapanda. Ni njiani nilipokumbuka kwamba brashi yake ilikuwa imebaki kwangu, ndani ya glasi, juu ya kabati.

Kwenye kizuizi kijana mmoja aliniamkia kwa heshima, “Yambo, papa.” Aliniuliza kama treni imeshajaa. Nilikuwa nimemwogopa huyo kwa wiki sita nzima, na alikuwa na umri wa mwanangu wa tatu.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani kwa mara ya kwanza tangu augue. Aliona mikono yangu mitupu na uso wake ukachanua. “Aliona? Muzee alisema nini?”

Nikamwambia amekagua. Nikamwambia alipitisha kidole juu ya madigadi, akahesabu mikunjo yote, akasema fundi, kreti ya tatu umeponea. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho, akaomba uji. Ulikuwa mlo wake wa kwanza katika wiki ile, na nilimnywesha mimi mwenyewe kwa kijiko.

Ndivyo hadithi hiyo ilivyozaliwa, na haikufa. Mke wangu aliisimulia misibani na katika harusi za watoto wetu, na kila alipomaliza aliniwekea mkono begani: jinsi alivyobeba beseni katikati ya fimbo, na jinsi mumewe, fundi asiyetoa kazi nusu, alivyomfikia mzee na lori lake kabla treni haijaondoka. Miaka ilivyopita aliongeza vitu. Mzee akalia. Mzee akalibusu lori. Watu walinitazama kwa heshima, wengine wakanijazia glasi, na mimi niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Kuhusu mwenzangu sikupata habari. Walisema mabehewa yale yalikaa njiani siku nyingi na si wote waliofika. Vigari sikutengeneza tena. Nilisema macho yamechoka.

Mke wangu tulimzika mwaka jana, mwezi wa nne. Msibani mwanangu mkubwa alisimama akaisimulia hadithi ya lori la mzee, neno kwa neno kama mama yake, na waombolezaji wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nami nikapiga makofi.